Ada ya Mgeni Jimboni Neemeka

Iko nchi moja ambayo haijapata jina hadi leo. Si kwamba wananchi wake hawataki jina. Kamati ya Kuipa Nchi Jina iliundwa siku ya uhuru, ikapewa jengo, magari na wapishi, na inaendelea vizuri na kikao chake cha kwanza. Nasema hili mapema ili msomaji asije akadhani nimeificha nchi kwa woga. Siogopi kitu, na ukinitafuta nyumbani utaambiwa nimesafiri.

Nchi hiyo ina majimbo mengi, lakini tunayoyahitaji hapa ni mawili tu, Vumilia na Neemeka. Yanatenganishwa na barabara moja ya lami. Upande wa Neemeka barabara imechorwa mistari myeupe ya kupendeza. Upande wa Vumilia mistari imo kwenye bajeti.

Katika jimbo la Vumilia, mtaa wa Bombani, aliishi msichana aitwaye Siwatu pamoja na mama yake, fundi wa kushona sare za shule. Mtaa uliitwa Bombani kwa sababu ulikuwa na mabomba, tena mapya, yenye koki zinazong'aa. Ukifungua koki unatoka upepo. Wananchi walipolalamika, Idara ya Maji haikukaa kimya, kwani haikuwa idara ya namna hiyo. Ilituma wataalamu, wakaupima ule upepo, wakaukuta ni safi na hauna vijidudu, na mwezi uliofuata kila nyumba ikaletewa bili ya Huduma ya Hewa ya Bomba. Mama Siwatu aliilipa bila kukosa, maana asiyelipa alikatiwa upepo.

Siwatu alikuwa na swali moja tangu utotoni. Kule mlimani kulikuwa na tangi kubwa la jimbo, na kila mtu alikuwa ameshuhudia maji yakiingia humo. Je, yakishaingia yanakwenda wapi? Alimwuliza mwalimu, akaambiwa asome kwa bidii. Alimwuliza diwani, akaambiwa swali lake ni zuri na apigiwe makofi. Basi akaamua atasomea uhandisi wa maji, kisha alifuate bomba lile kwa miguu yake mwenyewe mpaka ajue. Hakutaka utajiri wala cheo. Alitaka kujua tu, na katika nchi ile anayetaka kujua tu hupata taabu kuliko mwizi.

Taabu ya kwanza ilikuwa kwamba Chuo Kikuu cha Umma cha Vumilia kilifundisha masomo matatu: Uongozi, Uongozi wa Juu, na Itifaki ya Kukaa Viti vya Mbele. Uhandisi wa maji ulifundishwa mahali pamoja tu nchini, katika Chuo Kikuu cha Umma cha Neemeka. Siwatu akatuma maombi huko, na majibu yakamtangulia nyumbani kabla hajarudi kutoka posta.

*

Barua ilikuwa ya karatasi nzito, ya kuweza kuezekea banda. Chuo kilisema kimefurahi mno, kimepitia maombi yake kwa makini, na kinamwona ni kijana wa kipekee. Siwatu aliisoma kwa sauti akitembea chumbani, na mama yake akaacha kushona akamsikiliza, mkanda wa kupimia ukining'inia shingoni. Walifurahi wote wawili, wakakumbatiana, kisha mama akaichukua barua akaigeuza nyuma.

"Hii namba hapa chini ni ya simu?" aliuliza. "Niwapigie niwashukuru?"

"Hiyo ni ada, mama."

Mama Siwatu akakaa chini. Akaisoma tena kwa kidole, tarakimu baada ya tarakimu, kama mtu anayetafuta pale waliposahau kuweka nukta.

Mambo yalikuwa hivi. Mkazi wa Neemeka alilipa ada ya mtoto wa nyumbani, ambayo fundi wa sare angeweza kuimudu kwa kujibana. Mtu wa jimbo lingine alilipa mara tatu, na hiyo iliitwa ada ya mgeni. Juu yake iliongezwa Ada ya Makaribisho. Kisha Ada ya Kuzoea Hali ya Hewa, ingawa mvua iliyonyesha Neemeka ndiyo iliyonyesha Vumilia. Kisha Ada ya Kushangaa Majengo. Hii ya mwisho ilirudishwa kwa yeyote aliyethibitisha kwamba hakushangaa, ila kulikuwa na ada ya kuthibitisha.

Siwatu alitafuta ufadhili. Ufadhili ulikuwepo, na chuo kiliutangaza kwa fahari. Kulikuwa na ufadhili wa wajukuu wa mabaharia wa Neemeka, jimbo ambalo halina bahari. Kulikuwa na ufadhili wa wanafunzi wenye shida kubwa ya fedha, na sharti lake lilikuwa dogo tu, mwombaji alete taarifa ya benki kuonyesha kwamba chuo kikichelewa kumlipia ataweza kujilipia mwenyewe. Alipiga simu kuuliza kama sharti hilo halikukosewa. Akajibiwa kwa upole kwamba zamani fedha zile walipewa maskini, na ikaonekana wanazitumia.

Mama yake alikuwa na vyerehani viwili, kimoja cha kazi na kimoja alichokitunza akisema ndicho kitakachomlea uzeeni. Wiki ile akauza cha uzeeni, na fedha zikafika pale pale kwenye ada ya mtoto wa nyumbani, bila kubaki hata nauli ya kurudi. Akamkabidhi bintiye na kumwambia kilichobaki ni kazi yake mwenyewe: aende Neemeka, afanye atakavyofanya, awe mtu wa kule kabla chuo hakijafunguliwa.

*

Kuwa mtu wa kule kulikuwa na sheria yake. Zamani ilitosha kuonyesha mkataba wa nyumba, lakini watu walighushi. Wakaambiwa walete bili za umeme, wakaazimana. Ndipo Bunge la Jimbo la Neemeka likakutana kutafuta jibu la swali ambalo wanafalsafa wamelihangaikia miaka mingi, yaani mkazi ni nani hasa. Aliyelijibu ni Mkurugenzi wa Ukazi, Mheshimiwa Dakta Dakta Mtamba. Cheo cha Dakta alikuwa nacho mara mbili, cha kwanza alikisomea na cha pili alipewa kwa kukisomea cha kwanza.

"Waheshimiwa," alisema, "mkataba huandikwa na yeyote mwenye kalamu. Lakini yuko wapi binadamu atakayekaa kwenye mkeka wa watu asiowajua tangu asubuhi hadi jioni, akala wali uliopoa, akasimuliwa habari za babu yao mzaa bibi, kisha kesho akarudi? Huyo, waheshimiwa, ni mkazi."

Bunge lilisimama likapiga makofi, na wawili watatu walifuta machozi kwa kukumbuka wali uliopoa. Sheria ikapita siku hiyo hiyo. Mtu wa jimbo lingine akitaka ukazi, ahudhurie misiba kumi ya wakazi wa Neemeka, atoe rambirambi kila msiba, na kadi yake igongwe mhuri na Ofisa Msiba wa Kata. Mwenye kadi iliyojaa anakuwa mwenyeji moja kwa moja, na anapewa cheti chenye picha ya jeneza kwa mbali.

Siwatu alipanga chumba mtaa wa Kwa Mkunga, nyumbani kwa mjane mmoja aitwaye Bi Kidawa. Bi Kidawa alikuwa mkuu wa akina mama wa sufuria, wale ambao mtaani mtu akifariki hufika kabla ya ndugu, wakachimbia mafiga, wakauliza mchele uko wapi. Alimtazama mpangaji wake kuanzia juu hadi chini, akamwuliza kama anajua kuchambua mchele. Siwatu akajibu anajua. Kodi ikapungua hapo hapo.

*

Msomaji anaweza kudhani kwamba misiba ni migumu kuipata. Neemeka ilikuwa imejaa vijana wa majimbo ya nje wenye kadi mifukoni, na wote walikuwa na shida moja. Walisimama kwenye mageti ya hospitali wakiwauliza wagonjwa hali zao kwa kujali sana. Waliibuka mawakala waliouza habari za wazee wanaokohoa. Mzee mmoja wa mtaa wa pili aliugua akaombewa na watu wa majimbo yote, kisha akapona, na familia yake ikamnunia mwezi mzima.

Misiba yenyewe ilikuwa mikubwa kupita kiasi. Alifariki kinyozi mmoja aliyegombana na kila mtu maishani, mtu ambaye hata paka wake alikuwa amehamia kwa jirani, na turubai zikafungwa barabara tatu. Majirani waliona umati ule wakaingiwa na hofu kwamba miaka yote walikuwa wakimnunia waziri.

Mbele ya kila msiba palikuwa na meza, na mezani Ofisa Msiba na mhuri wake. Mwanzoni aligonga kwa yeyote aliyekuja. Baadaye ukatoka waraka kwamba mhuri ugongwe kwa huzuni ya kiwango cha kati kwenda juu. Basi vijana wakalia. Walilia kwa zamu, wakalia kwa sauti mbili kama kwaya, na kijana mmoja wa majimbo ya kaskazini alizimia mara mbili katika msiba mmoja, akadai apewe mihuri miwili. Shauri lake lilikwenda hadi kwa Dakta Dakta Mtamba. Akaamua kwamba kuzimia kwa pili ni sehemu ya kuzimia kwa kwanza.

Siwatu naye alikwenda. Katika msiba wake wa kwanza alikaa mkekani na kadi yake mkononi, akiwa tayari kabisa kuhuzunika. Lakini pua yake ikasikia harufu ya wali unaoungua. Akageuka akaona akina mama wanne wanahangaika na sufuria nane, na Bi Kidawa amejifunga kanga kiunoni, jasho linamtoka, anatafuta mtu wa kumwachia mwiko. Siwatu alifikiri atasaidia kidogo tu. Alipoinuka kutoka jikoni macho mekundu kwa moshi, watu walikuwa wameshakula, vyombo vimeoshwa, na Ofisa Msiba alikuwa ameondoka na mhuri wake na sahani ya kubeba.

Ikawa hivyo msiba baada ya msiba. Kila mara aliapa kwamba leo atakaa mkekani, na kila mara aliona sufuria inafurika. Alijua nyumba yenye mwiko mrefu, nyumba yenye sinia la kuazimisha na nyumba inayoazimisha kwa masimango. Wafiwa walimtambua, watoto wao wakamwita dada, na akina mama wa sufuria wakaanza kumtuma bila kusema tafadhali. Alimlilia kweli bibi mmoja muuza karanga aliyekuwa akimpa za kuonja, akamlilia jikoni, kwa hiyo hakuna ofisa aliyeona. Wiki ya chuo kufunguliwa ilipofika, alikuwa amehudumia misiba mingi kuliko kijana yeyote wa nje, na kadi yake ilikuwa nyeupe pe.

*

Ofisi ya Ukazi ilikuwa na zulia zito na picha ya Dakta Dakta Mtamba akiwa amejishika kidevu kwa huzuni. Siwatu aliingia na Bi Kidawa pamoja na akina mama wote wa sufuria, wakaeneza mikeka yao juu ya zulia, wakakaa. Mheshimiwa aliishika ile kadi kwa vidole viwili.

"Kadi hii inasema hujawahi kuonekana msibani," alisema.

"Hajaonekana kwa sababu alikuwa jikoni," Bi Kidawa akamjibu kabla Siwatu hajafungua mdomo. "Wewe mwenyewe umekula alichopika. Msiba wa kinyozi ulirudia mara tatu, mheshimiwa, mimi ndiye niliyekupakulia."

Mheshimiwa alieleza kwamba kula si ushahidi. Sheria inatambua huzuni, na huzuni hukaa mkekani. Mtu aliyeko jikoni, kisheria, hayupo. Akaongeza kwamba binafsi anaupenda sana wali ule, hasa wa chini ulioshika sufuria, na kwamba jambo hilo linamwuma moyoni.

"Sawa," alisema Bi Kidawa. "Basi msiba ujao mtakula mihuri."

Hawakuondoka. Siku hiyo ulitokea msiba wa mtu mkubwa wa bandari kavu, na hapakuwa na hata moshi. Wakuu walikaa chini ya turubai tangu asubuhi, wakatazamana, wakapewa maji. Jioni zilianza kusikika lawama dhidi ya serikali, na nyingine zilitoka serikalini. Kesho yake mapema Dakta Dakta Mtamba aligundua kifungu cha sheria alichokitunga usiku, kinachosema kwamba moshi wa msibani ni sehemu ya mkeka. Siwatu akapigiwa tarumbeta, akavishwa utepe, akapewa cheti chenye jeneza kwa mbali. Akakaa kwenye ngazi za ofisi ile akalia kwa furaha. Alijiona sasa amefika, na akampigia mama yake simu kumwambia kwamba cherehani hakikuuzwa bure.

*

Msajili wa Chuo Kikuu aliitwa Bwana Chongoe, mtu mpole, mwenye sauti ya daktari wa watoto. Alipokea cheti, akakisoma mbele na nyuma, akampongeza Siwatu kwa moyo mkunjufu. Kisha akachukua ile barua nzito ya udahili na kuiweka pembeni, mbali na mkono wake.

"Nafasi uliyopewa ilikuwa ya mgeni," alisema. "Wewe sasa ni mkazi. Nafasi za wakazi zilijaa mwaka juzi, na waliozijaza nao bado wanasubiri."

Siwatu aliuliza kwa nini chuo cha umma cha Neemeka hakina nafasi kwa umma wa Neemeka. Bwana Chongoe hakukasirika. Alisema swali hilo huulizwa na wengi, na chuo kina kijitabu chake, lakini kijitabu kimekwisha.

"Chuo hiki ni mali ya wakazi," alimweleza. "Ili kiendelee kuwa mali yao kinahitaji fedha. Wenye fedha ni wageni. Kwa hiyo tunapokea wageni ili chuo kibaki cha wakazi."

"Kwa hiyo nikiwa mgeni nina nafasi, sina ada. Nikiwa mkazi nina ada, sina nafasi."

"Umeelewa haraka sana," alisema Bwana Chongoe kwa masikitiko ya kweli. "Ungetufaa hapa."

Fikiria, mama yake Siwatu alikuwa amebaki na cherehani kimoja, naye mwenyewe alikuwa amekesha na moshi miezi mitatu, na yote hayo yalimsogeza mbali na darasa badala ya karibu. Hakulia. Alikuwa amefika mahali ambapo mtu anaona hata kulia ni kupoteza muda. Akauliza kama anaweza kurudisha ukazi.

Haurudishwi, akaambiwa. Ukazi wa Neemeka hauachwi wala hauuzwi, unaisha kwa kuzikwa tu.

"Kwa kufa?"

"Kwa kuzikwa," alirudia Bwana Chongoe. "Sheria inasema kuzikwa. Kufa ni suala la Wizara ya Afya, sisi hatuliingilii." Akafikiri kidogo, akaiangalia tena ile barua nzito. "Huyu mgeni mwenye jina kama lako, nitamwekea nafasi yake hadi Jumatatu. Ukimwona mwambie aje na ada kamili."

*

Bi Kidawa alisimuliwa yote akiwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa. Aliuliza kwanza kama mpaka Jumatatu kuna msiba mwingine wowote Neemeka. Hapakuwa na msiba. Watu wa Neemeka walikuwa wameanza kujitunza sana. Na vijana wa nje wenye kadi zilizobakiza mhuri mmoja walikuwa wangapi mjini? Siwatu alisema wamejaa, wanalala hata stendi ya mabasi, na wengine wamekata tamaa kiasi cha kuwasalimia madaktari.

"Haya," alisema Bi Kidawa. "Jumamosi tunakuzika."

Tanzia ilibandikwa mji mzima. Napenda ieleweke kwamba hakuna aliyedanganywa. Tanzia ilisema kwamba mkazi Siwatu wa Kwa Mkunga atazikwa Jumamosi, watu wote wanakaribishwa, na haikutaja popote kwamba amefariki. Hakuna aliyeuliza. Mama Siwatu alipigiwa simu na bintiye mwenyewe, akaambiwa, "Mama, Jumamosi nazikwa, njoo mapema tukasaidiane vitunguu." Mama akauliza kama aje na sufuria.

Siku hiyo turubai zilifungwa hadi uwanja wa mpira. Ndani ya sanda uliwekwa mgomba, wa urefu unaolingana na wa marehemu, kama inavyofanyika pale marehemu anapokuwa na shughuli nyingine. Vijana wa majimbo ya nje walikuja wote. Huu ulikuwa msiba wa mwisho kabla ya chuo kufunguliwa, na walilia kilio ambacho hakijapata kusikika, kwa sababu safari hii walikuwa na uchungu wa kweli. Rambirambi zilianza kuwekwa kwenye sahani. Sahani ikajaa, likaletwa beseni, beseni likajaa, na mwishowe akina mama wakatoa sufuria moja kubwa jikoni wakaifuta.

Marehemu mwenyewe alikuwa jikoni na mwiko, maana watu walikuwa wengi na wapishi ni wale wale.

Dakta Dakta Mtamba alitoa hotuba. Alisema jimbo limepoteza mkazi wa mfano, aliyempa cheti kwa mikono yake mwenyewe, binti aliyetoka ng'ambo ya barabara akapenda kuwa wetu. Alisema Neemeka haiwezi kuwalipa watu wa namna hiyo. Hapo akawa amesema kweli bila kukusudia. Kisha akauliza chakula kiko wapi, Siwatu akampelekea sahani iliyojaa wali wa chini, na mheshimiwa akaipokea kwa mikono miwili, akamwambia ajipe moyo.

Mama Siwatu alikuwa amekaa na wafiwa, kwa sababu yeye ndiye mfiwa. Alikuwa amejiandaa kujifanya analia, na alipoona ule mgomba unabebwa akalia kweli, kwa sauti, akashindwa kujizuia. Siwatu akaacha mwiko akamkimbilia, akapiga magoti mbele yake, akamnong'oneza kwamba yupo, mzima, anuse tu vitunguu mikononi mwake.

"Najua upo," alisema mama huku akijifuta kwa kanga. "Nalia kwa sababu wanakuzika ndio upate kusoma. Wangekuacha tu ukasoma ingewagharimu nini?"

Siwatu alimshika mama yake mkono mpaka mgomba ulipofukiwa, na safari hiyo wali ukaungua kidogo, na hakuna aliyelalamika.

*

Jumatatu asubuhi alifika kwa Msajili akiwa amevaa gauni jipya lililoshonwa na mama yake kwa mkono usiku wa Jumapili. Alitoa ada ya mgeni yote, na ada ya makaribisho, na ya hali ya hewa, na ya kushangaa majengo. Noti zilikuwa zinanuka moshi na bizari. Bwana Chongoe alizihesabu bila kuuliza, akatoa risiti ya karatasi nzito, kisha akamtazama juu ya miwani yake.

"Karibu sana Neemeka," alisema. "Utatusamehe, mji uko katika majonzi kidogo. Juzi tumemzika mkazi mmoja mwenye jina kama lako. Mlikuwa mnajuana?"

"Kidogo," alijibu Siwatu. "Alijitahidi sana kuwa mtu wa hapa."

Bwana Chongoe akatikisa kichwa kwa huruma. "Maskini," alisema. "Na hata hivyo tusingempokea." Akamwelekeza darasa lilipo.